Kitalu cha mchanga kilichounganishwa na tangi la sato: mchanga upi unafaa, na maji yatokeje?

MwalimuMstaafu, Kigamboni

Habari za kazi, ndugu wakulima.

Nimestaafu ualimu mwaka jana, na nyuma ya nyumba yangu Kigamboni nina uwanja wa mita 15 kwa mita 8 ambao kwa miaka yote umekuwa ukiota majani tu. Nimeamua kuutumia kufuga sato na kulima mboga kwa maji yale yale, yaani maji ya tangi la samaki yapandishwe kwenye kitalu cha mchanga, mboga zichukue mbolea iliyomo, kisha maji yaliyochujwa yarudi kwa samaki. Nimekwisha kupata tangi la plastiki la lita 2,000, nimelikata mdomo, na nimelichimbia shimo ili nusu yake iwe chini ya ardhi.

Kinachonikwamisha ni kitalu chenyewe. Fundi wa kwanza niliyemwita alinishauri nijaze kokoto, akisema kuwa mchanga utaziba ndani ya miezi michache. Wa pili alikubali mchanga, ila kwa sharti kwamba chini yake kuwe na tabaka la kokoto la sentimita 15, na juu ya kokoto hizo kitambaa cha kuchujia. Mwenye lori wa hapa jirani naye ananiambia anao mchanga wa aina tatu, mweupe wa karibu na ufuko, mwekundu wa machimbo na ule wa mtoni, na kwamba tofauti yake ni bei tu. Sipendi kutumia kiinua mgongo changu kununua tani kadhaa za kitu ambacho baada ya miezi sita kitanilazimu nikizoe tena kwa koleo.

Naomba waliofanya jambo hili kwa mikono yao wanieleze ni mchanga upi nichukue, kitalu kiwe na kina na ukubwa gani kwa tangi hilo, na maji yaingie na kutoka kwa njia ipi. Umeme wetu hukatika mara kwa mara, na maji ninayoyategemea ni ya kisima kirefu ambayo yana chumvi kidogo kinywani.

Bustani_Morogoro

Shikamoo mwalimu, na hongera kwa kuuliza kabla lori halijamwaga mzigo. Mimi nalima kwa njia hii huku Morogoro, msimu wa tano sasa, zaidi nyanya na sukuma wiki.

Nianze na hilo la kuziba, maana ndilo linalowatia watu hofu. Kulima mboga kwenye mchanga unaonyweshwa maji ya samaki si jambo la jana. Katika miaka ya 1980 Mark McMurtry, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina huko Marekani, alifuga sato kwenye matangi na kupanda mboga kama nyanya na matango kwenye mchanga, akalinganisha viwango mbalimbali vya mchanga kwa ujazo ule ule wa tangi, kuanzia mchanga uliokuwa pungufu ya tangi hadi uliozidi mara mbili. Mchanga ulikuwa ndio kichujio na ndio shamba, bila chombo kingine cha kusafishia maji. Kokoto zilishika kasi baadaye, katika miaka ya 1990, pale wakulima wa jimbo la Missouri, huko huko Marekani, walipolichukua wazo hilo na kuweka kokoto mahali pa mchanga, na picha hiyo ya kokoto ndiyo iliyoenea mitandaoni. Fundi wako anasema anachokijua, simlaumu.

Mchanga huziba kwa sababu mbili: ama ulikuja na tope lake tangu machimboni, ama haupati nafasi ya kukauka na kuvuta hewa kati ya mwagilio mmoja na mwingine. Uchafu wa samaki wenyewe haushuki mbali. Ukipita kwangu saa kumi na mbili asubuhi, kabla pampu haijawaka, utaona chini ya mifereji ya maji iliyochorwa juu ya mchanga utando mwembamba wa rangi ya kahawia uliokauka usiku na kupasukapasuka kama tope la dimbwi lililokauka. Ukiuinua kwa ncha ya kisu, mchanga wa chini yake ni msafi na hauna harufu yoyote mbaya. Maji ya asubuhi yanapita kwenye nyufa zile, bakteria wanaendelea kuula uchafu, na mizizi inachukua kilichobaki. Sijawahi kuubadilisha mchanga wangu tangu nilipoujaza.

Kwa hiyo swali kubwa ni la mchanga upi, na hapo usimwamini mwenye lori, wala usiniamini mimi niliye mbali, upime mwenyewe. Chukua ndoo moja ya kila aina na ufanye majaribio matatu ambayo hayana gharama.

La kwanza ni la chupa. Jaza chupa ya kioo au ya plastiki inayoonyesha ndani, mchanga hadi sentimita 10, maji juu yake, tikisa kwa nguvu, kisha uiache mezani hadi kesho yake. Mchanga hutua mara moja, tope hutua polepole juu yake kama tabaka laini. Tabaka hilo likizidi milimita 3, mchanga huo uoshwe sana au uachwe kabisa. Sharti ninaloona likivunjwa zaidi ni hili, kwa sababu kwa macho mchanga wenye tope huonekana mzuri na hushikana vizuri mkononi, na kule kushikana ndiko hasa kasoro yake.

La pili ni la siki. Mimina siki ya jikoni juu ya kiganja cha mchanga mkavu na uinamishe sikio. Ukiona povu au ukisikia mchanga unachemka, ndani yake mna chokaa ya makombe au matumbawe, na chokaa hiyo itayapandisha maji yako kuelekea upande wa magadi na kuyazuia huko.

La tatu ni la bomba. Chukua kipande cha bomba la plastiki la inchi 4, funga kitambaa upande mmoja, jaza mchanga wa sentimita 30, uloweshe mpaka maji yaanze kudondoka chini, halafu mimina lita moja kwa mkupuo na uangalie saa. Mchanga mzuri huimaliza lita hiyo kwa dakika chache tu. Kama baada ya nusu saa maji bado yamesimama juu, umepata jibu.

Punje unazozitaka ni za kati hadi kubwa, tuseme kuanzia nusu milimita hadi milimita 2. Mimi hutumia wavu wa dirisha wa kuzuia mbu kama chekeche: kinachopita kwa wingi mno ni laini mno. Angalizo jingine kwa wa huku milimani ni ule mchanga wa mtoni unaometameta kwa ulanga, kwani vipande vyake bapa hulala kama vigae na kuyachelewesha maji, hata kama chupa haionyeshi tope.

BustaniYaUnguja

Mwalimu, naomba nikazie jaribio la siki, kwa sababu mimi nililipuuza na nimelipia.

Kwetu Unguja mchanga mweupe ni mzuri wa kutazama, safi, hauna tope hata kidogo, na maji hupita ndani yake kama kwenye chujio la chai. Nikaujaza kitaluni mita za ujazo 3. Samaki walikuwa na afya tangu siku ya kwanza, wala sikuwahi kuwatupa zaidi ya wawili, lakini mboga ndizo zilizonitesa. Nyanya zilianza kwa majani machanga ya kileleni kugeuka manjano huku mishipa ya jani ikibaki kijani, mfano wa ramani ya mito. Nikadhani ni njaa ya mbolea, nikaongeza chakula cha samaki, manjano yakazidi. Nilipopata kipima magadi na asidi nikakuta maji yanasoma 8.2, ilhali katikati ni 7, na kila nilipoyashusha, baada ya siku mbili yamerudi pale pale. Mchanga wote ule ulikuwa ni matumbawe yaliyosagika. Chuma kilikuwamo majini, lakini kwa kipimo hicho mmea hauwezi kukichukua.

Jambo la pili ambalo sikulijua ni kwamba kwa kipimo cha juu namna hiyo amonia inayotoka kwenye uchafu wa samaki huwa na sumu kali zaidi kuliko kwa kipimo cha katikati, na joto la pwani huizidisha. Nilikuwa naendesha kitalu kinachoumiza mboga na kuwaweka samaki hatarini bila ya kujua.

Niliuzoa. Siku tatu, watu wawili na gari la ng'ombe. Nikaagiza mchanga wa mto kutoka Bara, na gharama ya kivuko ilizidi bei ya mchanga wenyewe. Kitalu kile sasa kinasimama kwenye 6.5 bila kutia kitu chochote, na mchicha unaota kwa namna ambayo majirani huja kuomba mbegu wakidhani siri iko kwenye mbegu. Kwa hiyo ule mweupe wa karibu na ufuko, mwalimu, usiununue hata ukipewa kwa nusu bei. Una chokaa, na una chumvi yake pia.

Kuhusu chumvi ya kisima chako, sato wataivumilia kuliko mboga, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa kuwa wanaona samaki wanacheza na kudhani maji ni mazuri. Maharage yatakufa mapema, mchicha na nyanya huvumilia kiasi. Kila siku mimea na jua huchukua maji na kuiacha chumvi, nawe unaongeza maji mengine yenye chumvi, hivyo mwezi wa sita si sawa na mwezi wa kwanza. Weka mfereji wa bati. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 10 linakupa karibu lita 600, na masika moja pwani ina siku nyingi za namna hiyo.

FundiMaji_Machakos

Salamu kutoka Kenya. Mimi ni fundi wa maji, na wenzangu wamekwisha kueleza mchanga vizuri, basi niseme juu ya njia ya maji.

Kwanza, mwalimu, lisimamishe lile shimo kabla halijakugharimu. Tangi la lita 2,000 huwa na urefu unaokaribia mita moja na nusu. Ukilizika nusu, mdomo wake utakuwa juu ya ardhi kwa sentimita 70 au zaidi, na kitalu kilichojengwa chini kwenye ardhi hakiwezi kumwaga maji kwenye tangi lililo juu yake. Utalazimika ama kukiinua kitalu juu ya nguzo, ama kununua pampu ya pili na pipa la kukusanyia maji. Sasa mchanga unaohitaji wewe una uzito wa tani sita na nusu ukiwa mkavu, na ukilowa unakaribia tani nane. Nguzo za kubeba mzigo huo zitakula bajeti yote. Chimba zaidi, tangi lizame mpaka mdomo ubaki sentimita 20 juu ya ardhi ili maji ya mvua yasiingie na mtoto asitumbukie kwa urahisi, na juu yake ufunge wavu imara. Kitalu kijenge juu ya jukwaa la udongo ulioshindiliwa, lenye kimo cha sentimita 40. Hapo maji yatarudi yenyewe kwa mteremko, na kule kuanguka kwake kutayatia hewa kwa ajili ya samaki. Kwa kuwa uko Kigamboni, chunguza kwanza maji ya ardhini wakati wa masika yanapanda hadi wapi, kwa sababu tangi tupu lililozikwa kwenye ardhi iliyojaa maji huelea na kuchomoka, na kuta zake hubonyea. Likishazikwa, lisikae tupu.

Ukubwa nautaka uwe mchanga mara mbili ya maji, yaani mita za ujazo 4 kwa tangi lako. Fanya kitalu cha mita 10 kwa mita 1.2, upana ambao mtu hufikia katikati akiwa amesimama pembeni. Kina kiwe sentimita 35 mwanzoni na 40 mwishoni, maana sakafu yake inateremka sentimita 5 kwa mita hizo 10 kuelekea kwenye bomba la kutolea maji. Ukitoa nafasi ya mifereji, hesabu inakuja karibu na mita 4 za ujazo. Sakafu na kuta zifunikwe kwa karatasi nzito ya bwawa isiyo na kiraka, na kabla ya kuitandika toa kila kijiwe chenye ncha.

Sasa hilo la kokoto chini ya mchanga, ambalo nimelikuta kwenye vitalu vingi nilivyoitwa kuvitengeneza. Watu hudhani kokoto huyasaidia maji kutoka. Kwa kweli huyazuia. Maji yaliyo kwenye punje ndogo yameshikwa na punje hizo, na hayaruki kuingia kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka mchanga wa juu yake ulowe kabisa ushindwe kuyashika. Matokeo yake ni kwamba sentimita kadhaa za mchanga juu ya kokoto hubaki zimejaa maji muda wote, hewa haiingii, na mizizi huoza hapo hapo. Ukiongeza kitambaa katikati, nacho huziba kwa mizizi na tope laini, na huwezi kukifikia bila kufukua kitalu kizima. Mwezi uliopita nilifukua kimoja: mchanga wa juu mkavu, chini kabisa tabaka jeusi linalonuka yai bovu, na kitambaa kimekuwa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Samaki walikuwa wamekufa wiki moja kabla.

Jaza mchanga mtupu kutoka juu hadi sakafuni. Katikati ya sakafu laza bomba la inchi 2 lililokatwa nyufa nyembamba kwa msumeno wa chuma, kila baada ya sentimita 5, nyufa zikielekea chini. Upande wa juu wa kitalu ulipandishe bomba hilo mpaka litokeze nje ya mchanga na ulifunike kifuniko. Siku ukihisi mtiririko umepungua, utaingiza mpira wa maji hapo na kulisafisha bila kugusa mmea. Kokoto chache, kiasi cha ndoo moja, zinaruhusiwa kulizunguka bomba pale linapotokea ukutani tu.

Juu ya mchanga chora mifereji miwili yenye upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 12, katikati yake tuta moja la sentimita 30, na pembeni matuta mawili membamba. Mboga hupandwa kwenye mabega ya matuta, maji hupita mferejini, na shina hubaki kavu; ndiyo kinga bora ya kuoza shingo ya mmea ninayoijua. Ingawa sakafu inateremka, chini ya mifereji pawe sawasawa kabisa kwa pima maji kutoka mwanzo hadi mwisho, vinginevyo mboga za mbele zitashiba na za nyuma zitaona njaa.

Kila mwagilio uchukue robo ya tangi, lita 500, kwa dakika 20 hivi. Hiyo ni sawa na lita 1,500 kwa saa, na kwa kuwa pampu hupoteza nguvu inaposukuma maji juu, nunua iliyoandikwa lita 3,000 kwa saa. Taima iiwashe kila baada ya saa mbili kuanzia alfajiri hadi jioni, mara nane, na usiku iachwe. Wengi hunibishia hapo wakitaka pampu ifanye kazi saa ishirini na nne, lakini maji yanapozama huvuta hewa mpya nyuma yake kama mtu anayepumua, na mchanga unaonyweshwa bila kukoma haupumui. Kwa umeme wenu unaokatika hii ni nafuu kubwa pia: pampu ya wati 50 ikifanya kazi dakika 160 kwa siku hutumia kidogo sana, kiasi cha wati-saa 133, na paneli ndogo ya jua yenye betri moja inatosha.

Sisi wa Ukambani mchanga na maji tumevijua tangu utotoni. Mito yetu hukauka juu, na mama zetu huchimba kwenye mchanga wake na kuteka maji safi. Mabwawa ya mchanga ya Machakos na Kitui yanafanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na kila mtu huku anajua kwamba mto wenye mchanga mkubwa na safi hukupa maji, ila ule uliojaa tope unayo maji tele lakini haukupi.

MwalimuMstaafu, Kigamboni

Nawashukuru sana, wote watatu. Nimefanya majaribio kama nilivyoelekezwa, tena kwa daftari.

Mchanga mweupe ulichemka kwa siki nikausikia hata bila kuinama. Mwekundu haukuchemka, lakini chupani uliacha tabaka la tope la milimita 11, na kwenye bomba lita moja ilikuwa bado imesimama baada ya dakika 40. Wa mtoni haukuchemka, tabaka lake ni milimita 4, na lita moja iliisha kwa dakika tano na nusu. Baada ya kuuosha kwa ndoo tatu za maji tabaka lilishuka hadi kama milimita moja. Nimeuagiza huo.

Shimo nalo nimerudi kulichimba. Nilifika mita moja na robo bila kuona maji, na jirani mwenye kisima cha mkono ananihakikishia kuwa hata mwezi wa Mei hayafiki hapo.

Limebaki suala la samaki wenyewe. Niweke vifaranga wangapi, na je, nipande kitalu chote siku ile ile?

UganiSamaki_Mwanza

Mwalimu, mimi ni afisa ugani wa samaki huku Ziwa Victoria. Swali lako la mwisho limefungamana, kwa sababu mbolea ya mboga zako itapimwa kwa chakula utakachowapa samaki, si kwa idadi yao.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu mifumo midogo ya aina hii, linashauri gramu 40 hadi 50 za chakula cha samaki kwa siku kwa kila mita ya mraba ya mboga za majani, na gramu 50 hadi 80 kwa mboga za matunda kama nyanya. Kitalu chako kina mita za mraba 12, hivyo mboga za majani zinahitaji karibu gramu 480 kwa siku. Sato wakubwa hula kama asilimia 2 ya uzito wao, kwa hiyo chakula hicho ni cha samaki wenye jumla ya kilo 24, ambao ni sato 80 wa gramu 300 kila mmoja. Hizo ni kilo 12 kwa kila lita 1,000, kiasi ambacho tangi lako linakimudu bila shida. Nunua vifaranga 90 wa jinsi moja, madume, ili wasizaliane tangini na kudumaa. Hao wa ziada ni kwa ajili ya watakaokufa.

Lakini angalia siku ya kwanza ilivyo. Vifaranga 90 wa gramu 5 wana uzito wa nusu kilo kasoro, na hata wakila asilimia 7 ya uzito wao, ni gramu 30 tu kwa siku. Chakula hicho hakitoshi hata mita moja ya mraba. Nimewaona wakulima waliojaza miche kitaluni siku waliyopokea vifaranga, wakaona majani yamepauka baada ya wiki tatu, wakaamua kuwa mfumo ni uongo na kuuza pampu. Mfumo ulikuwa mzima, ila wageni walikuwa wengi na sufuria ilikuwa ndogo. Panda nusu mita ya mwanzo wa kitalu, mchicha au matembele, ukiongeza kila mwezi kadiri chakula kinavyoongezeka, na nyanya zisubiri mpaka samaki wafike kama gramu 80. Maji lakini yapite kitalu chote tangu mwanzo, ili bakteria waenee kila mahali.

Bakteria hao, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti na kisha kuwa mbolea ya mmea, huchukua wiki nne hadi sita kukomaa. Katika kipindi hicho pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili, na amonia ikifika miligramu 1 kwa lita, acha kulisha siku moja au mbili badala ya kutafuta dawa. Ukitumia maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yakae wazi siku mbili kabla ya kuingia tangini. Chakula cha vifaranga kiwe na protini ya asilimia 35 hadi 40, na wakishakua asilimia 30 inatosha. Wape wanachoweza kumaliza kwa dakika kumi na tano, kisha kilichobaki ukitoe. Joto la Dar es Salaam ni zuri kwa sato, wao hupenda nyuzi 26 hadi 30, hivyo baada ya miezi saba hivi tarajia samaki wa mezani. Usiku hewa ya tangi itategemea uzito uliomo. Wakifika kilo 15 na kuendelea, weka kipuliza hewa kidogo cha betri, maana pampu yako italala.

MwalimuMstaafu, Kigamboni

Nimeelewa, ndugu yangu, na hesabu hiyo imeniokoa na hasara, kwa sababu tayari nilikuwa na miche 60 ya nyanya kwenye trei. Nitampa shemeji yangu arobaini.

Mchanga unashushwa Jumamosi. Je, nikimaliza kujaza, niwashe pampu moja kwa moja?

FundiMaji_Machakos

Hapana. Vifaranga wasiwepo bado, na bomba la kurudisha maji lisielekee tangini. Ligeuze limwage nje, kwenye migomba au popote panapohitaji maji, kisha jaza mifereji na uache maji yatoke. Mara ya kwanza yatatoka rangi ya chai ya maziwa, hata kama mchanga ulioshwa. Rudia. Kinga kwenye glasi nyeupe kila mara na uziweke glasi zako dirishani kwa mfuatano, na baada ya saa moja uangalie chini ya kila moja. Kwa mita 4 za ujazo, mimi huchukua raundi sita au saba. Siku ambayo glasi ya mwisho haina kitu chini, geuza bomba lielekee tangini, pima tena usawa wa mifereji kwa sababu mchanga utakuwa umekaa na kushuka sentimita mbili au tatu, uyarekebishe matuta, na hapo ndipo uende kuchukua vifaranga.

Pia weka bomba la kumwagikia karibu na mdomo wa tangi, lenye wavu. Mvua ya milimita 60 juu ya kitalu cha mita za mraba 12 huingiza lita 720 tangini, na sato hawakatai kuondoka na maji.